Saba Yenye Mkanda

Saa moja na nusu asubuhi, siku ya Jumapili. Mlango wa nyuma wa jengo la sayansi unafunguliwa kwa bega, maana kitasa chake kiliharibika mwaka juzi na kila mtu anadhani ni kazi ya mwenzake kukitengeneza. Anayeusukuma ni mama wa miaka hamsini na tatu, mfupi, mwenye koti jeupe la kazi lililokunjwa mikono mara mbili. Anaweka mkoba juu ya stuli, ananawa hadi viwikoni, anavaa glavu, kisha anafungua kabati kubwa linalonguruma kwenye kona.

"Hamjambo wanangu? Mmeamkaje?"

Wanaosalimiwa hawaitiki. Ni chupa kumi na mbili za kioo zinazotikiswa taratibu ndani ya kabati la joto, mchana na usiku. Maji yaliyomo yamechafuka kidogo, kama maji ya kuoshea mchele. Uchafu huo ndio wenyeji wenyewe: bakteria, katika kila chupa wengi kuliko watu wote walio hai duniani.

Anazitoa moja moja na kuziinua dirishani. "Mawingu," anasema kwa kila iliyochafuka, na hapo anajua wako hai. Kutoka kila chupa anavuta kiasi kidogo kwa pipeti, sehemu moja kwa mia, na kukitia kwenye chupa mpya yenye mchuzi safi, maji ya chumvi na chakula chao, aliouchemsha mwenyewe juzi Ijumaa. Kisha anachukua kalamu ya wino mzito na kuandika lebo ya chupa mpya huku akiitazama ya zamani. Moja. Mbili. Tatu. Namba zake ni za kawaida, za mtu aliyesoma hadi darasa la saba na hakupenda hesabu.

Isipokuwa saba. Saba yake ina kistari katikati, kama mtu aliyefunga mkanda kiunoni.

Jengoni wanamwita Mama Chupa. Jina alipewa na mlinzi wa getini, mtu wa maneno mengi, baada ya kusikia kwamba huyu mama huosha chupa zaidi ya mia mbili kwa siku. "Wewe ukifa, tutakuzika na brashi," humwambia. Naye hujibu, "Na wewe tutakuzika na hilo geti, maana hujawahi kulifunga vizuri."

Ijumaa ijayo Mama Chupa ataziweka chupa hizi kumi na mbili ndani ya mtungi wa mvuke, atabana kifuniko, atabonyeza kitufe. Baada ya dakika ishirini hakutakuwa na kitu hai ndani yake. Maabara inafungwa. Mfadhili amesema basi.

Chupa moja kati ya hizo ilikuwa ipone. Haitapona, na sababu ni yeye mwenyewe kusema ukweli.

Maabara hii haina darubini ya kutazamia nyota, lakini kazi yake inahusu huko. Mkuu wake ni mtafiti mwembamba wa miaka sitini na mbili ambaye kila mtu anamwita Daktari tu, na ambaye mara mbili katika mahojiano haya alitafuta miwani aliyoivaa. Anataka kujua uhai unawezaje kudumu mahali pagumu, penye chumvi nyingi. Wataalamu wanaamini baadhi ya miezi inayozunguka sayari kubwa za mbali ina bahari ya maji ya chumvi chini ya barafu. Kufika huko ni shughuli.

"Kwa hiyo tunaanza na majirani," anasema Daktari.

Majirani ni bakteria waliochotwa kwenye bwawa la chumvi, wasiomdhuru mtu. Miaka tisa iliyopita kundi moja liligawanywa kwenye chupa kumi na mbili, na tangu siku hiyo kila chupa ni ukoo unaojitegemea. Kila siku wanalishwa. Kila baada ya miezi michache chumvi inaongezwa kidogo. Kwa siku moja hupita vizazi sita na ushei, na mpaka leo vimepita zaidi ya elfu ishirini na moja. Kwa binadamu, hiyo ingekuwa zaidi ya miaka laki tano.

Wiki yake ya kwanza kazini, Mama Chupa aliuliza swali ambalo wanafunzi wa chuo huona haya kuliuliza.

"Nikamwambia, Daktari, samahani, hivi uhai ni nini? Nilidhani atanicheka."

Hakumcheka. Alikaa juu ya meza, akafikiri, akasema: "Mama, uhai ni kitu kinachojinakili, kikakosea kidogo kila kinaponakili, na kosa likarithiwa na watoto. Makosa mengi ni hasara. Machache yanafaa, na yanayofaa ndiyo yanayobaki. Basi. Ukikuta kitu cha namna hiyo kwenye mwezi wa mbali, hata kama hakina mkono wala mguu, piga hodi, kuna mwenyewe."

"Nikasema, ah, kumbe nyie mnalipwa kutafuta makosa," anakumbuka Mama Chupa, na anacheka kicheko kifupi kinachokatika kabla hakijafika popote.

Katika kazi ya kulisha kuna kanuni moja ambayo haivunjwi. Chupa ya leo ikishapandwa, ya jana haitupwi. Inalazwa kwenye friji siku moja zaidi, kwa ajili ya akiba. Ya juzi ndiyo inayochemshwa na kuoshwa, na lebo yake inabanduliwa na kubandikwa kwenye daftari la siku. Mtu akikosea leo, akachanganya chupa au akamwaga, hafichi wala hahangaiki. Anafungua friji, anatoa chupa ya jana, anaanza upya. Kisha anaandika daftarini kwamba alirudi.

Wenyewe wanaita "kurudi jana."

"Fulani karudi jana," watasema, na mtu huyo atataniwa hadi chai ya saa nne. Nje ya chumba hiki maji yakimwagika hayazoleki. Humu ndani yanazoleka, mradi usicheleweshe.

Mama Chupa ana mtoto wa kwanza wa kiume, mtu mzima sasa, mwalimu. Alikuwa na wa pili wa kike. Huyo nyumbani walimwita Mbona, kwa sababu tangu aanze kusema hakuwa na neno jingine. Mbona jua halidondoki? Mbona baba ana ndevu na babu hana? Baba yake, fundi wa kuchomelea madirisha ya chuma, alikuwa akimwambia, "Mwanangu, mbona zako zingekuwa matofali tungeshajenga ghorofa."

Mbona alikuwa na selimundu. Chembe nyekundu za damu yake, badala ya kuwa duara, zilijikunja kama mundu na kukwama kwenye mishipa. Aliugua tangu ana miezi tisa. Kufikia umri wa miaka kumi na tatu alikuwa amelazwa mara ishirini na sita. Mama yake hakuhesabu wakati ule. Alihesabu baadaye, kwenye kadi za kliniki, siku ambayo hakuwa na jingine la kufanya.

Kwa kuwa hakutaka kumwacha peke yake nyumbani, siku za likizo alikuja naye kazini. Binti alikaa kwenye stuli ile ile ambayo leo inawekwa mkoba, na akamhoji Daktari kama hakimu.

"Siku moja Daktari anamweleza habari za vinasaba," anasimulia Mama Chupa. "Kwamba ndani ya kila kiumbe kuna maandishi marefu, herufi zake ni nne tu, na hayo maandishi ndiyo mtoto anarithi. Mwanangu kamsikiliza weee. Halafu anamuuliza, 'Mbona vinaitwa vinasaba? Mbona si vinanane?' Daktari alicheka hadi miwani ikaanguka."

Daktari alimweleza kwamba neno linatokana na nasaba, yaani ukoo, halihusiani na hesabu. Binti hakukubali kushindwa. Alitangaza kwamba kuanzia siku hiyo chupa namba saba ni yake, kwa kuwa ndiyo yenye vinasaba vyake, na nyingine kumi na moja wagawane wengine.

Daktari huyo huyo ndiye aliyewaeleza wazazi kilichompata mtoto wao, kwa lugha ambayo hospitali hawakuwa na muda nayo. Herufi moja. Kati ya herufi karibu bilioni tatu, moja imekaa pasipo pake. Baba alibeba nakala moja yenye kosa, mama moja, na wote walikuwa wazima kama ng'ombe. Binti alipokea zote mbili.

"Nikamuuliza, Daktari, niambie kweli, nani kati yetu alikosea? Mimi au baba yake?"

"Hakuna, Mama," alijibiwa. "Aliyenakili vibaya alikufa maelfu ya miaka iliyopita. Na kosa lake limedumu kwa sababu mwenye nakala moja malaria haimwezi sana. Liliokoa watu wengi."

Mama Chupa anasema alikaa na jibu hilo siku nyingi. "Kwa hiyo wengi walipona, halafu bili ikaja kwa mwanangu. Nilimwelewa Daktari. Lakini kuelewa si kupoa."

Jumapili moja, miaka sita iliyopita, chuo kilikuwa likizo. Kwa wiki mbili wanafunzi na wasaidizi wote walikwenda makwao, na kazi ya kulisha ilibaki mikononi mwa Mama Chupa peke yake. Mbona alikuwa ametoka hospitali Alhamisi. Alikuwa amekonda, macho ya manjano, lakini mdomo ulikuwa mzima.

Mama akamruhusu aandike lebo. Binti akaandika moja hadi kumi na mbili, na kwenye namba saba akatia kistari katikati. "Ya kwangu nimeifunga mkanda," akasema, "isije ikavuliwa suruali na hizi nyingine." Kisha akaomba, kwa mara ya kwanza, ailishe mwenyewe. Ile moja tu. Mama akamvalisha glavu.

Mezani kulikuwa na michuzi ya aina mbili. Mmoja wa kawaida, mwingine wenye chumvi mara mbili, ambao Daktari alikuwa ameuagiza kwa jaribio jingine kabisa. Chupa za ule mkali zilikuwa na mistari miwili myekundu kwenye shingo. Binti akachukua yenye mistari. Akavuta kwa pipeti, akatia, akafunika. Mama alikuwa anafuta meza.

"Mama," akasema baada ya muda, "mbona hii ina mistari miwili?"

Mama Chupa anasema hakugomba. Alijua la kufanya. Alikwenda kwenye friji, akafungua, akatoa chupa ya jana. Alikuwa ameishika mkononi, baridi, pale binti alipomuuliza swali ambalo hadi leo hajalijibu.

"Mama, mbona tusiwaache wajaribu? Mimi nikizidiwa, nani hunirudisha jana?"

Mwandishi huyu alimwomba arudie maneno hayo ili yaandikwe sawasawa. Aliyarudia. Kisha akainuka akaenda kuosha chupa tatu ambazo tayari zilikuwa safi.

Hakurudi jana. Alirudisha chupa kwenye friji, akafunga mlango, akampakata binti yake kwenye ile stuli ingawa alikuwa mkubwa kwa kupakatwa.

Jumatatu, chupa ya saba ilikuwa nyeupe kama maji ya kunywa. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano vivyo hivyo. Kumi na moja zilikuwa na mawingu, moja ilikuwa haina dalili ya mtu ndani. Mama Chupa hakuipanda upya. Aliiacha itikisike. Kila jioni nyumbani binti aliuliza kitu kimoja: "Wamepata mawingu?" Na daftari la siku, ambalo linataka kila chupa iandikiwe hali yake, mama aliliandikia neno moja. Sawa.

Alhamisi asubuhi aliinua chupa dirishani, na nyuma ya kioo dirisha likaonekana limefifia. Mawingu membamba. Kati ya mabilioni, wachache wenye kosa linalofaa walikuwa wameishi, na wale wachache sasa walikuwa wameijaza chupa. Alikimbia hadi kwa mlinzi kuomba simu, akampigia binti nyumbani.

"Nikamwambia wamepata mawingu," anakumbuka. "Naye akasema, 'Nilikwambia.'"

Siku hiyo pia aliandika sawa, ya nne na ya mwisho. Safari hiyo ilikuwa kweli kiasi fulani.

Mbona alifariki baada ya miezi kumi na mmoja, saa tisa mchana, kitanda cha dirishani, mama yake akiwa ameshika miguu yake kuipa joto. Alikuwa na miaka kumi na minne. Mama Chupa alirudi kazini wiki moja baada ya mazishi, akasimama mbele ya friji na mlango wazi kwa muda mrefu hadi Daktari akaja kuona kuna nini.

"Daktari," alimwambia, "nataka kurudi jana."

Daktari alifunga mlango wa friji taratibu, akavaa glavu, na siku ile akamwoshea chupa zote yeye mwenyewe. Alivunja nne.

Mama akaendelea kulisha. Kanuni inasema lebo mpya inanakiliwa kutoka kwenye ya jana, naye alinakili kama alivyoona. Saba yenye mkanda ikazaa saba yenye mkanda, siku baada ya siku, lebo zaidi ya elfu mbili. Siku za zamu za wengine nao waliiga bila kufikiri. Hakuna aliyeuliza. Makosa hurithiwa hivyo, anasema Daktari sasa, na anasema bila kucheka.

Kisha ukoo wa saba ukaanza kuwa maarufu. Chumvi ilipopandishwa, koo kumi na moja zilidorora. Saba haikujali. Watafiti wakaichunguza, wakaona imeruka hatua ambayo nyingine zilihitaji miaka kuikaribia. Daktari akaandika makala. Wageni wakaja, wakapiga picha na chupa. Katika makala zote, lile tukio liliitwa mruko usiojulikana chanzo.

"Mimi niko hapo naosha vyombo, nasikia," anasema Mama Chupa. "Usiojulikana, usiojulikana. Kila wakisema hivyo, nahisi kama wanamfuta mwanangu na kitambaa. Chanzo kinajulikana! Kina jina, kina kaburi. Lakini nitasema nini? Kwanza niliogopa kazi. Halafu alipokufa, nikaogopa wataimwaga. Ile chupa ndiyo kitu pekee alichokigusa ambacho bado kinakua."

Siku za mwizi arobaini, anasema mwenyewe. Zake zilitimia mwezi uliopita.

Barua ya kufunga maabara ilipokuja, Daktari aliwaandikia wenzake kila mahali akiomba wapokee koo zake. Mmoja tu alijibu, mkuu wa maabara ya mbali. Hana nafasi ya koo kumi na mbili, alisema, lakini Saba atampokea, atamlisha, atamtunza kwenye friza kubwa. Sharti moja: historia kamili ya ukoo, siku kwa siku.

Daktari akaketi na madaftari thelathini na moja ya siku. Miaka tisa ya lebo zilizobandikwa. Siku ya pili ya kupekua alimwita Mama Chupa.

"Mama, njoo uone kitu. Hapa saba haina kistari. Hapa ina kistari. Ni Jumapili hii hasa, katikati ya likizo. Huu mwandiko wa nani?"

Angeweza kusema ni wake. Daktari anasema angemwamini, na Saba sasa hivi angekuwa ndani ya sanduku la barafu kavu, njiani.

"Nilitazama ile saba," anasema Mama Chupa. "Wino wake ulikuwa umepauka. Nikaona si Daktari anayeniuliza. Ni mwandiko wa mwanangu unaniuliza, Mama, mbona husemi? Nikakaa chini. Nikasema yote."

Alisimulia mistari miwili myekundu, friji, siku tatu za maji meupe, sawa nne. Daktari alisikiliza hadi mwisho, akafunga daftari. "Mama," alisema, "miaka sita." Akatoka nje. Kwa siku mbili hakumsalimia.

"Sikuwa na hasira na kosa," Daktari anamwambia mwandishi huyu, akizungusha miwani mkononi. "Kosa ndiyo kazi yetu. Hasira yangu ilikuwa kwa zile sawa nne. Nimesimama mbele ya watu nikawaambia jambo lisilo kweli, nami sijui. Halafu siku ya tatu nikafikiri, huyu mama alikuwa amebeba hili na msiba pamoja, anapita hapa mlangoni kila asubuhi, ananiuliza kama nimekunywa chai."

Siku hiyo ya tatu alileta kiti, akaketi karibu na sinki, akaandika maelezo yote upya kama alivyoambiwa. Aliyatuma. Aliziandikia pia ofisi zilizochapisha makala zake, kwamba anazisahihisha. Jibu la yule mkuu wa maabara ya mbali lilifika baada ya siku tano, fupi na la heshima. Hawawezi kupokea ukoo wenye siku nne zisizoaminika.

Mume wa Mama Chupa bado hajalielewa. Tulimkuta kwenye kibanda chake cha kuchomelea, kioo cheusi kikiwa kimepandishwa kwenye paji la uso. "Nilimwambia, mke wangu, ungekaa kimya tu," alisema. "Kwani ukimya unamuumiza nani? Mtoto angesafiri." Kisha akajisikia alivyosema, mtoto, akashusha kioo usoni akawasha moto, ingawa mbele yake hapakuwa na chuma cha kuunga.

Mama Chupa anasema hajuti, halafu anasema anajuta, halafu anasema yote mawili ni kweli na mwenye kutaka moja akatafute mtu mwingine wa kumwandika gazetini. "Ningemsafirisha akiwa hana jina. Sasa ana jina lakini haendi popote. Nichague lipi hapo?"

Jina lipo. Daktari alimwonyesha mwandishi huyu ukurasa wenyewe. Pembeni ya ile Jumapili, kwa wino mpya, limeandikwa jina kamili la binti, lile la shule, na mbele yake: ndiye aliyelisha namba saba siku hii. Chini yake, kwenye sawa ya Jumatatu, Jumanne na Jumatano, Mama Chupa mwenyewe amekata mstari mmoja na kuandika: hawakuonekana. Ya Alhamisi ameiacha.

Zimebaki siku tano. Lakini juu ya kizingiti cha dirisha, palipo na jua, kuna sahani pana ya kioo iliyofunikwa kwa karatasi nyembamba. Ndani yake maji yamekaribia kwisha, na pembeni yameanza kuota mawe madogo meupe ya mraba.

Wazo ni la Daktari. Bakteria hawa, chumvi inapokauka, baadhi yao hunaswa ndani ya mawe yake, kwenye matone madogo mno, na humo hulala. Wengine hulala miaka mingi. Ndiyo sababu moja inayowafanya watafiti watamani kuchimba chumvi ya sayari nyingine. Wiki iliyopita, bila maneno mengi, alimimina nusu ya chupa ya saba kwenye sahani na kumwambia, "Hii haina kitabu cha historia, Mama, na hakuna atakayeiandikia makala. Ni ya kwako. Barua ya ruhusa nimeshaandika."

Hakuna uhakika kwamba watakaoamka watakuwa wengi, au kama wataamka. Mama Chupa ameuliza hilo mara tatu na mara tatu ameambiwa kweli.

Mpango wake ni huu. Mawe yakikauka atayatia kwenye kichupa cha kioo na kukipeleka shule ya sekondari aliyosoma binti yake kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Mwalimu wa sayansi amekubali kukiweka kwenye kabati lake, kando ya hadubini mbili, moja nzima. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, hakutakuwa na haja ya mtu kuamka Jumapili kuwalisha.

"Nitalala hadi saa mbili," anasema. "Nitaamka sijui nifanye nini."

Saa tatu kasoro dakika tano amemaliza. Chupa kumi na mbili mpya zimeingia kwenye kabati la joto. Za jana zimeingia kwenye friji, kama kanuni inavyotaka, ingawa baada ya Ijumaa hakutakuwa na wa kurudi jana. Anachukua kichupa kitupu kitakachotiwa mawe ya chumvi, anakikausha kwa kitambaa, anabandika lebo. Anaandika saba, anaifunga mkanda.

Je, anataka shule iandike nini pale kabatini, ili watoto wajue ni kitu gani? Daktari alishapendekeza maelezo ya mistari minane. Mama Chupa anatikisa kichwa.

"Wasiandike kitu. Waweke tu hivi hivi. Iko siku mtoto mmoja mdadisi atakishika, atakitazama, atauliza, mbona saba hii ina mkanda? Hapo ndipo mwalimu amwambie."